Mbele ya kugawana ristune, tuhesabu madeni yasiyo na fakitire



Katika makoperative ya kahawa na kakao huku kwetu Butembo na Beni, kuna swali moja ambalo kila mtu analingojea siku ya asemble jenerali: ristune ya mwaka huu ni ngapi? Jeranti anasoma pesa iliyoingia, anasoma pesa iliyotoka, na ile inayobaki anaiita ziada. Watu wanapiga makofi, kisha wanagawana.

Hesabu ile inaweza kuwa safi kabisa: kila fakitire iko ndani ya fasi yake, kila resu imetiwa sinyatire. Na hata hivyo koperative inaweza kugawa pesa ambayo si yake. Juu gani? Juu kuna madeni ambayo hayaleti fakitire. Yanakaa kimya mwaka baada ya mwaka, kisha siku moja yanagonga mlango yote pamoja.

Katika namba hii tunaeleza madeni matatu ya namna hiyo: deni kwa wafanyakazi watakaoenda pansio, deni la depo na mashini tunazopangisha, na deni la kesi zilizo tribinali. Tunaomba kila mwanamemba asome, si kontabli peke yake. Ziada ni ya wanamemba, na hasara pia ni yao.

Daftari la kese halioni kila kitu

Daftari la kese linaandika pesa siku inapoingia ao inapotoka. Ni daftari la lazima, lakini linaona paka kile kilichopita mkononi. Sentineli aliyelinda depo miaka kumi amekwisha kufanya kazi ile. Kama tulimuahidi kitu siku ya kuacha kazi, deni limezaliwa kidogo kidogo kila mwaka, hata kama daftari la kese halina mstari hata moja juu yake.

Inchi yetu iliingia katika OHADA tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012. Toka siku ile makoperative yanafuata sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010. Kwa upande wa vitabu vya hesabu tunafuata SYSCOHADA, na sura yake mpya ilianza tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2018. Makoperative madogo yana ruhusa ya kushika vitabu vyepesi vinavyojengwa juu ya kese. Lakini hata hayo, mwisho wa mwaka yanapashwa kuandika nani anatudai na nani tunamudai.

Kwa deni ambalo halina fakitire, kontabli anajiuliza maswali matatu. Je, kuna jambo ambalo limekwisha kutendeka na linatufunga? Je, inaelekea kwamba pesa itatoka? Je, tunaweza kukadiria ni pesa ngapi? Kama jibu ni ndiyo mara tatu, anaandika provizio. Provizio ni kusema katika kitabu: sehemu hii ya pesa ina mwenyewe, tusiihesabu katika ziada.

Deni la kwanza: wafanyakazi na pansio

Tuanze na CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani. Kwa sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, mwenye kuajiri anatoa asilimia 13 ya mshahara: 5 kwa ajili ya pansio, 6.5 kwa ajili ya posho za familia, na 1.5 kwa ajili ya hatari za kazini. Mfanyakazi naye anakatwa asilimia 5 kwa ajili ya pansio. Jumla ni asilimia 18. Umri wa pansio ni miaka 60, kwa mwanaume na kwa mwanamke.

Tuangalie vizuri ile asilimia 5 ya mfanyakazi. Tukisha kuikata katika mshahara wake, haiko tena yetu. Koperative inayokata na isiyopeleka CNSS inashika pesa ya mtu mwengine. Na muzee yule akifika miaka 60, ataenda kwenye biro ya CNSS na kuambiwa kwamba miezi fulani haionekani kwa jina lake. Atarudi kwetu, na atakuwa na haki.

Kisha kuna ahadi zetu wenyewe. Kontra zingine zinasema kwamba mfanyakazi akienda pansio atapewa sehemu fulani ya mshahara kwa kila mwaka aliofanya. Hilo ni deni linalokua kila mwezi wa 12. Makampuni makubwa yanaita wataalamu wa kukadiria nani atabaki mpaka pansio, nani ataacha mbele, na pesa ya baadaye ina samani gani leo. Kwa koperative yenye wafanyakazi watatu, orodha inatosha: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuanza kazi, mshahara, na kile kontra inachoahidi.

Na tusisahau mama wanaochagua kahawa na vijana wanaobeba mifuko. Wengi wanasema: hawa ni watu wa siku kwa siku, hawako wafanyakazi wetu. Kodi ya kazi inasema vingine. Mtu wa siku kwa siku ambaye amekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena mbele ya miezi ile kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Katika sezo ya kahawa siku 22 zinafika mbio sana.

Kama mtu anafikiri mambo haya ni madogo, akumbuke Gécamines kule Katanga. Ilikuwa kampuni kubwa kupita zote katika inchi. Ilifika wakati ambapo haikuwa tena na uwezo wa kulipa mishahara, wala uwezo wa kuwalipa watu dekonti final ili waende nyumbani. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kutoka kwa hiari, na pesa ya kuwalipa ilipitia Benki ya Dunia. Kwa koperative ya kijijini, Benki ya Dunia haitakuja. Watakaolipa ni wanamemba.

Deni la pili: depo na mashini za kupangisha

Koperative nyingi zinapangisha depo mjini, ao kiwanja cha stasyo ya kuosha kahawa, ao gari wakati wa sezo. Hapa kuna mambo manne ambayo yanachanganywa kila mara.

Moja, miezi ambayo tumekwisha kukaa bila kulipa. Hiyo ni deni la kweli, hata kama mwenye nyumba ni rafiki na hajaleta barua.

Mbili, miezi tuliyolipa mbele. Tukilipa mwezi wa 12 pesa ya mwezi wa 1 mpaka wa 3, hiyo si gharama ya mwaka huu. Ni ya mwaka kesho, na inapashwa kuandikwa hivyo.

Tatu, garanti. Garanti ni pesa yetu iliyo kwa mwenye nyumba. Tukiiandika kama gharama, tutaisahau, na siku ya kutoka hakuna atakayeidai.

Ine, miezi inayobaki katika kontra. Katika SYSCOHADA, kwa kontra ya kupangisha tu, miezi ile haiandikwi kama deni la leo. Inaelezwa katika anekse, yaani kurasa za maelezo zinazofuata bilani, ili wanamemba wajue wamejifunga mpaka lini. Makampuni makubwa yanayofuata kanuni za kimataifa yanafanya tofauti: toka mwaka 2019 yanaiandika ndani ya bilani yenyewe, juu watu walikuwa wanaangalia bilani nzuri bila kuona majengo na ndege ambazo kampuni imejifunga kulipia miaka mingi.

Lakini kama kontra inasema kwamba mwishoni mashini itakuwa yetu, ile si kupangisha tu. Tunaandika mashini kama mali yetu, na pesa inayobaki kulipwa kama deni letu, tangu siku ya kwanza.

Huku kwetu kuna tatizo lingine. Watu wamekimbia vijiji mara nyingi, na depo zimebaki zimefungwa. Kuacha depo hakumalizi kontra. Andikeni barua, semeni tarehe mliyotoka na sababu, ombeni kontra ikatwe ao isimamishwe, na mwenye nyumba atie sinyatire kwamba ameipokea. Bila barua, miezi inaendelea kuhesabika, na siku moja mtaisikia tribinali.

Na kama mnataka kubaki, jueni haki yenu. Sheria ya OHADA ya biashara inasema kwamba mtu aliyefanya kazi ndani ya nyumba miaka miwili, kufuatana na kontra, ana haki ya kuomba kontra irudiliwe. Kwa kontra yenye tarehe ya mwisho, anapashwa kuomba miezi mitatu mbele ya tarehe ile, kwa njia inayoonyesha kwamba ombi limepokelewa. Anayechelewa anapoteza haki yake.

Deni la tatu: kesi

Kesi haina fakitire mpaka siku ya hukumu. Njo maana watu wengi wanasema: tungojee. Lakini SYSCOHADA haisemi tungojee. Inatuomba tupange kila kesi katika kapo moja kati ya tatu.

Kapo ya kwanza ni kesi ambayo inaelekea tutashindwa, na tunaweza kukadiria pesa. Tunaandika provizio. Kapo ya pili ni kesi ambayo tunaweza kushindwa lakini haielekei sana, ao hatuwezi kukadiria hata kidogo. Tunaieleza katika anekse, bila kuitoa katika ziada. Kapo ya tatu ni kesi ambayo haina msingi. Hatuandiki kitu. Avoka anatusaidia kuchagua kapo, na tunamuomba aandike mawazo yake kwenye karatasi.

Chukueni mfano wa shofere aliyefukuzwa bila preavi, kisha miaka mitano kamili ya kazi. Kodi ya kazi inaweka siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili. Kwake ni 14 na 35, jumla siku 49. Kama mshahara ulikuwa dola 130 kwa siku 26 za kazi, kila siku ni dola 5. Preavi peke yake ni dola 245. Zaidi ya hapo anaweza kuomba malipizi kwa kufukuzwa bila sababu ya haki, na sheria imeweka mpaka wa mishahara 36. Kwa shofere huyu mpaka ule ni dola 4,680. Haimaanishi kwamba jaji atatoa zote. Tuseme avoka wetu anakadiria miezi 4, ni dola 520. Provizio itakuwa 245 na 520, jumla dola 765.

Kesi tunayotazamia kushinda inafuata njia nyingine. Kama tunamushitaki mwenye gari aliyepoteza mifuko yetu, na tunaomba dola 1,500, hatuiandiki kama pesa yetu mpaka iwe hakika. Deni linaandikwa likielekea kuja, lakini faida inangojea mpaka ihakikishwe. Wengine wanaona si sawa, lakini njo inayolinda mfuko.

Tuone yote pamoja

Tuchukue koperative ya kahawa ya kuwaza tu, yenye wanamemba 300. Daftari la kese linaonyesha ziada ya dola 9,000. Kontabli anakaa na komite mbele ya asemble jenerali, na wanapata haya:

– Wafanyakazi watatu wanapata pamoja dola 400 kwa mwezi. CNSS ya miezi 6 haijapelekwa: dola 72 mara 6, ni dola 432.
– Kontra zinaahidi nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, siku ya kwenda pansio. Sentineli ana mshahara wa dola 80 na miaka 10: dola 400. Kontabli, dola 120 na miaka 6: dola 360. Jeranti, dola 200 na miaka 4: dola 400. Jumla dola 1,160, na hazijaandikwa hata siku moja.
– Depo ina miezi 2 isiyolipwa, dola 150 kwa mwezi: dola 300.
– Kesi ya shofere: dola 765.

Jumla ya madeni yasiyo na fakitire ni dola 2,657. Ziada ya kweli si dola 9,000, ni dola 6,343. (Sehemu ya pansio inayotoka miaka ya nyuma, kontabli ataiandika pa nafasi yake, lakini mwisho wa yote ni pesa ile ile isiyogawanyika.)

Sasa kuna rezerve. Sheria ya OHADA inaomba asilimia 20 ya ziada iende katika rezerve ya jumla, na asilimia 20 katika rezerve ya mafunzo, mpaka kila moja ifikie kapitali iliyoandikwa katika statuti. Kama rezerve zetu hazijafika, tunatoa asilimia 40. Kwa hesabu ya kwanza, dola 5,400 zingebaki kwa ristune, ni dola 18 kwa mwanamemba tukigawa sawa sawa. Kwa hesabu ya pili zinabaki dola 3,806, ni dola 12 na senti 69. Ristune ya kweli inafuata kilo ambazo kila mtu ameleta, lakini picha ni ile ile.

Tofauti ni karibu dola 1,600. Tukizigawa, hakuna atakayezirudisha. Mwanamemba anayeondoka mwaka kesho atakuwa amekula sehemu yake, na yule anayeingia mwaka kesho njo atakayelipa sentineli. Huyo hakuona hata dola moja ya ristune ile. Njo maana tunasema kwamba mambo haya si ya kontabli tu. Ni mambo ya haki kati ya wanamemba wenyewe.

Provizio si mahali pa kuficha pesa

Tunajua kuna mwanamemba atakayesema: komite inatafuta njia ya kutunyima ristune. Wasiwasi huo ni wa haki, na sheria imeuwaza. Provizio inapashwa kuwa na jina: mfanyakazi fulani, kesi fulani, kontra fulani. «Labda mwaka kesho hali itakuwa mbaya» si provizio. Hofu ya namna hiyo inapewa jibu na rezerve, na rezerve inaamuliwa na asemble jenerali mbele ya watu wote.

Tena, jambo likiisha, provizio inafungwa. Kama tuliandika dola 765 na jaji ametoa dola 500, dola 265 zinarudi katika ziada ya mwaka ule, na wanamemba wanaambiwa.

Jambo la mwisho: karatasi haina pesa. Kuandika provizio kunazuia tusigawe, lakini hakuweki dola katika kese. Kama pesa yote imenunua mashini, sentineli hatalipwa kwa karatasi. Kwa hiyo tunashauri kufungua konti ya pembeni kwenye COPEC ao benki, yenye sinyatire mbili, na kuweka kidogo kila mara kahawa inapouzwa. Katika mfano wetu, ahadi ya pansio inaongezeka dola 200 kwa mwaka. Hazizidi dola 17 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kuuliza kwenye asemble jenerali

Mwanamemba hana lazima ya kujua namba za konti za SYSCOHADA. Anahitaji paka kuinua mkono mbele ya kura ya ristune na kuuliza:

1. CNSS imelipwa mpaka mwezi gani? Tunaomba kuona resu.
2. Nani kati ya wafanyakazi anakaribia miaka 60, na kontra yake inaahidi nini?
3. Kontra za depo, kiwanja na mashini zinaisha lini? Garanti ni ngapi, na iko kwa nani?
4. Koperative iko na kesi ngapi? Avoka ameandika nini juu ya kila moja?
5. Provizio za mwaka jana zimefanya nini: zimelipwa, zimebaki, ao zimefungwa?

Komisio ya uangalizi inaweza kuomba majibu haya kwa maandiko wiki mbili mbele ya mkutano, ili komite isishikwe bila kujitayarisha. Kama deni liko katika dola na vitabu viko katika franga, andikeni pia kiwango cha kubadilisha cha tarehe 31 mwezi wa 12, juu mwaka kesho mtu asilete ubishi.

Na kama orodha inaonyesha kwamba ristune mwaka huu itakuwa ndogo, semeni wazi pesa imeenda wapi. Mwanamemba anaweza kukubali dola 12 akijua kwamba muzee wa zamu atalipwa. Kitu ambacho hatakubali ni kupewa dola 18 leo, kisha mwaka kesho kuombwa mchango ili wisiye wa tribinali asichukue mashini ya kumenya kahawa.